Yule ni wa Kuchorwa, Mama

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Sisi wazima, ila leo nimekasirika, na kila nikikasirika namkosa mtu wa kugombana naye kama wewe. Baba Idi amezima televisheni. Mjukuu wako alikuwa anatazama katuni yake ya Kijapani, kijana mmoja humo akafiwa na rafiki yake, mtoto akaanza kulia. Baba yake akasema, "Mwanaume gani unalilia michoro?" Nikabaki na mwiko mkononi. Nikauweka chini, nikaja kukuandikia.

Unazikumbuka katuni zile? Usiniambie huzikumbuki. Ni miaka ile biashara zilipofunguliwa na maduka ya Majengo yakajaa ghafla. Watu waliozoea foleni ya sukari wakaanza kubishana redio ipi ina sauti nzito. Nyuma ya maghala ya nafaka, jirani yetu Fundi, aliyekuwa akitengeneza redio, akanunua televisheni na deki, akatundika mapazia meusi, akafungua kibanda cha video. Wasichana hatukuingia. Hakuna aliyetukataza kwa maneno, lakini msichana akionekana mlangoni pale mchana, ikifika magharibi mtaa mzima unajua kwamba ni mhuni.

Mimi nikavaa shati na suruali ya Rashidi, nikachukua na kofia yake. Mdogo wangu yule hakukataa, maana alijua akikataa nitakusimulia mengine ninayoyajua. Tukakaa benchi la nyuma. Siku hiyo ilikuwa katuni ya binti wa mlinzi wa daraja. Baba yake anaumwa, basi yeye anavaa vazi la chuma la baba, anasimama darajani, anapigana na majambazi, na hakuna anayejua kwamba ni mwanamke. Fundi alikuwa anatafsiri kwa sauti kubwa, nusu anaelewa, nusu anabuni.

Ndipo ulipoingia. Lori la uwele limefika, unamtafuta Rashidi akashushe magunia. Ukasimama katikati na buibui lako, umeziba kioo chote.

"Mama Rashidi, tunaomba upishe!" wanaume wakapiga kelele.

Hukupisha. Ulikuwa unatazama. "Huyu anapigana na nani?"

"Na majambazi, mama," akasema Fundi. "Huyu kijana ni shujaa sana."

"Kijana gani? Huyo mwanamke. Huoni anavyojifunga kitambaa kifuani? We Fundi mwongo."

Kibanda kizima kikacheka, nawe ukaja nyuma ukaketi, pembeni yangu kabisa. Nilijikunja ndani ya shati lile mpaka nikahisi mbavu zinagusana. Ukatazama. Yule binti alipoletewa habari kwamba bwana mkubwa wa bonde, asiyejua kwamba ndiye mlinzi, anataka kumwoa, ukatoa ncha ya kanga ukafuta macho. Halafu, bila kugeuza uso, ukasema polepole, "Vua kofia, Zaina. Kichwa kinakutoka jasho."

Hapo nilidhani nimepona. Tulipofika nyumbani nikachapwa, Rashidi akapewa chakula. Nikasema, "Mbona na yeye alikuwamo?" Ukasema, "Yeye mwanaume." Basi! Kesi imekwisha. Mama, tangu siku ile mpaka leo jibu hilo linanikereketa kama mfupa wa samaki kooni. Na mtaa ulikuita Mama Rashidi wakati mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa! Nilipokuuliza kwa nini, ulicheka ukasema ndivyo watu wanavyoita.

Sizisifu katuni hizo kupita kiasi. Watoto siku hizi wanaziita anime na wanazizungumzia kama dini. Macho kama visahani, pua hakuna. Mtu anatangaza jina la ngumi kabla ya kuipiga, na adui anasubiri atangaze mpaka amalize. Na mwanamke, hata awe jemadari wa jeshi, sketi yake lazima iishie mapajani na upepo uwe unamtafuta yeye peke yake. Wanaume wote wamevaa mpaka shingoni. Hayo nayaona, na yananiudhi. Lakini ndani ya kibanda kile niliona kwa mara ya kwanza msichana ambaye hadithi ni yake. Hakuwa dada wa mtu wala mchumba wa mtu anayesubiri kuokolewa. Nilimwona, na wewe ulikuwepo.

Ndiyo maana sikukuelewa ilipokuja posa. Baba alikuwa ameshatutoka, na mwenye kauli alikuwa Baba Mkubwa. Mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kondoa, ana lori, ana mke mmoja tayari, ananitaka mimi niliyekuwa kidato cha pili. Baba Mkubwa alikwisha kufurahi. Nikakufuata ulipokuwa unapepeta mtama.

"Mama, yule wa kwenye katuni ulimlilia. Mimi je?"

Hukuinua uso. "Yule ni wa kuchorwa. Wewe nimekuzaa."

Nililia siku mbili. Nilisikia hukumu, Mama. Sikujua kama kauli ile inaweza kumaanisha kitu kingine.

Wageni wakaja, wazee wawili na shangazi yao. Wakala wali, wakasifu nyama. Baba Mkubwa alipokohoa ili ajibu, wewe uliyekuwa umeketi mkekani ukaomba ruhusa ya kusema neno.

"Shemeji, hawa ni watu wa heshima. Sitaki wanunue mbuzi kwenye gunia. Huyu mtoto ana mdomo. Analala mpaka jua limchome. Na usiku," ukashusha sauti, lakini si kiasi cha kutosikika, "bado anakojoa kitandani."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai. Msichana wa umri wangu! Yule shangazi akasema "Loo!" kama aliyekanyaga kaa la moto. Wakanywa chai haraka, wakaaga, na hawakurudi. Baba Mkubwa hakusema nawe kwa muda mrefu. Na kabla ya wiki kwisha, wauza karanga wa Majengo walikuwa wananiita Kikojozi.

Nikakujia. "Mama, kwa nini?"

"Wameondoka, hawajaondoka?"

"Ungesema tu hutaki!"

Ukanitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua njia. "Nani angenisikiliza? Nenda kasome."

Nilisoma. Nikapata shule ya bweni upande wa Mvumi, na hata huko jina lilinifuata kwa muda. Sasa nimekuwa mtu mzima na ninaelewa kwamba katika nyumba ile neno "sitaki" lilikuwa la wanaume, na wewe ulitumia ulichokuwa nacho. Naelewa. Lakini bado nakasirika, Mama! Nakasirika kwamba ili kuniokoa ilikulazimu kuniaibisha. Na nakasirika kwamba hukuniita baadaye, hata siku moja, ukaniambia kwamba nilikuwa mtoto mzuri na kwamba ulisema uongo.

Siku ulipofariki nilikuosha mimi na shangazi. Nikakusuka nywele, nikakutia kafuri. Halafu jeneza likainuliwa, nikaishia kizingitini kwa kuwa mimi mwanamke. Rashidi akaenda. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kukupokea, na nasikia macho yake yalipoanza kujaa wazee wakamwambia, "Jikaze, wewe mwanaume." Aliyetaka kwenda alizuiwa kwenda, na aliyetaka kulia alizuiwa kulia. Sijui nani alitugawia msiba hivi.

Wageni wa matanga walipotawanyika, Rashidi alikuja kwangu mchana mmoja. Akaketi kwenye kigoda jikoni, akaomba maji, akayashika tu. Nilikuwa nakoroga uji.

"Nisimulie ulivyomweka," nikamwambia.

Akanisimulia. Udongo mwekundu, mgumu, majembe yalikuwa yanalia juu yake kama juu ya jiwe. Alivyosimama upande wa kichwa, alivyonyoosha mikono. "Alikuwa mwepesi, dada. Mwepesi mno. Sikujua kama Mama..." Akageukia ukutani. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hapa hakuna wazee. Lia."

Akalia, Mama. Mwanao yule mwenye mabega ya kushusha magunia alilia kwa sauti, kichwa kimeegemea goti langu, akiita jina lako. Uji ukaungua na moshi ukajaa jikoni, na mimi sikuinuka kuuepua.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema hapo nilipozuiwa kukufikisha.

Binti yako,
Zaina