Wapeleke Watoto Unguja, Usiwalete Mofu

Nyuma ya Misheni,
Ifakara.
2 Septemba, 1956

Mpendwa mwanangu Fridolin,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako na ya Eufrasia nimezipokea, marahaba wanangu. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Dar es Salaam, na kwamba kile kikohozi cha Balbina kimekwisha. Teofili bado anaogopa taa za motokaa? Na Marselino, ameota jino? Uliandika kwamba bado, nawe una wasiwasi. Usihangaike. Baba yako naye alichelewa, na baadaye alikuwa akitafuna mifupa ya kuku mpaka tukamwonea haya mbele ya wageni.

Afya yangu sitakuficha. Miguu imevimba, na pumzi inakatika nikivuka ua tu. Daktari amenipa vidonge akaniambia nipumzike, na alipokuwa akisema hivyo hakunitazama. Nimefundisha watoto miaka mingi; namjua mtu anayeangalia pembeni kwa kuwa analijua jibu. Padre ameniungamisha na kunipaka mafuta matakatifu. Dhambi zangu zote nimempa. Hili ninalokuandikia si dhambi, ndiyo maana limebaki, na mwenye haki ya kulisikia kabla sijafa ni wewe.

Huku ni kiangazi kikavu. Mpunga umeshaingia ghalani, na safari hii ndege hawakutuonea sana. Mto umerudi ndani ya kingo zake, visiwa vimejitokeza, na wavuvi wamehamia huko na wake zao na watoto wao na kuku wao. Yule paka wangu uliyesema ni dume amezaa.

Barua yako kuhusu likizo ya Oktoba niliisoma mara ya kwanza nikicheka. Eufrasia anataka Unguja kwa dada yake, watoto wakaogelee baharini. Wewe unataka Mofu, wakakae kisiwani kama wavuvi. Na nyumba nzima imegawanyika kama kijiji kinachogombania jumbe. Kisha niliisoma tena polepole, nikaiweka chini.

Uliandika kwamba unataka watoto wakione kisiwa ulichokaa ulipokuwa mdogo. Ukakitaja kichuguu tulichoegemeza kibanda chetu. Ukataja jinsi mama yako, marehemu Tekla, alivyokuwa akipiga sufuria ya shaba kwa mwiko kutuita kula. Ukaniomba niulizie kama bado yu hai yule bibi wa kwenye matete, aliyekuwa akikubanikia samaki na kukutolea miiba, yule aliyekuwa akiimba bila kufungua mdomo.

Mwanangu, wewe hujawahi kukanyaga kisiwa kile.

Alikuwako mtoto kabla yako, naye aliitwa Fridolin. Mwaka uliofuata vita ya Mdachi na Mwingereza njaa ilikuwa kali hapa bondeni, maana majeshi yalikula mpunga, yakala na mbegu. Kiangazi kilipofika, baba yako Nikodemu, ndugu yangu, alituvusha kisiwani, chini kidogo ya Mofu, tukaishi kwa samaki: Tekla, dada yako Scolastica, Fridolin huyo wa miaka sita, na mimi. Sisi wakubwa tulikimbia njaa, lakini kwa watoto ilikuwa sikukuu. Hakuna shule, hakuna kufukuza ndege, maji kila upande.

Siku moja Fridolin alirudi mdomo unang'aa mafuta.

“Umekula wapi, mwizi wewe?” mama yake akamuuliza.

“Kwa bibi, kule kwenye matete.”

“Bibi gani?” Scolastica akamcheka. “Umekula chura huyo, unaona aibu kusema!”

Tulicheka wote. Kisiwani hapakuwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimekizunguka kwa miguu yangu mwenyewe. Jioni mtoto alinipanda mapajani, akaninong'oneza kwamba bibi yule huimba mdomo umefungwa. Hilo aliniambia mimi peke yangu. Sikumwambia Tekla, wala Scolastica, wala mtu yeyote hadi leo. Niliona ni mchezo wa kitoto.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, Tekla alipiga sufuria. Scolastica alikuja. Fridolin hakuja. Tulifuata nyayo zake kwenye tope mpaka katikati ya matete. Tulikuta mafiga matatu, majivu, na nyasi zilizolala kana kwamba mtu huketi hapo kila siku. Nyayo ziliishia hapo. Tope lilikuwa laini kama uji, na hapakuwa na alama ya kitu kilichoburuzwa. Wanaume wa Mofu walikuja na mitumbwi yao, wakatafuta, wakasema ni mamba. Tukakubali. Mamba angalau tunamjua.

Mwaka uliofuata ulizaliwa wewe. Tekla akakupa jina lile lile, kisha akatuwekea kidole mdomoni mmoja mmoja: kisiwa kisitajwe tena nyumbani mwake. Tulitii. Sufuria ile hakuipiga tena, ila siku moja, wewe ukianza tu kutembea, jirani aliigonga akiisugua, nawe ukageuka ukashika njia ya mtoni. Alikukamata mama yako, akaenda kuizika sufuria nyuma ya nyumba.

Nilipomaliza barua yako nilimwita Scolastica kutoka Mofu, nikamuuliza kama aliwahi kukusimulia.

“Shangazi!” akasema. “Hata watoto wangu niliowazaa hawajui. Fridolin ningemwambia nini, kwamba amevaa jina la marehemu?”

“Na kuimba, hukumwambia?”

“Kuimba gani? Nani aliimba?”

Hakujua, na asingeweza kujua.

Lakini kilichonitoa kitandani si hayo. Ni mstari wako wa mwisho, ulioandika kwa furaha, kwamba Balbina kila jioni anauliza kama bibi ameshawasha moto. Uliona ni utamu wa mtoto aliyesimuliwa habari na baba yake. Mimi niliinuka nikatafuta viatu.

Nilipanda lori la mpunga hadi Mofu, dereva akanikalisha mbele kama bwana shamba. Mwenye mtumbwi alikuwa Kelestini, mkwe wa Scolastica, kijana mwenye maneno mengi.

“Mwalimu, na fimbo yako hiyo, unakwenda kufundisha mamba kusoma?”

“Yuko mmoja aliyeshindwa mtihani,” nikamwambia.

Alicheka sana, akaendelea kusukuma pondo. Tulipokaribia kisiwa kicheko kilikwisha. Kiangazi hiki mto mzima umejaa kambi, moshi huku na huku, watoto wanapiga mbizi, wanawake wanaanika samaki. Kisiwa kile peke yake hakina hata kibanda. Nikamuuliza kwa nini.

“Samaki wapo,” akasema. “Ila ukibanika, mtu mwingine huwageuza.”

Hakutaka kushuka. Nilikwenda peke yangu, nikipumzika kila hatua chache. Kichuguu kipo bado, kimekua. Matete yalikuwa na upenyo pale pale. Nikaingia, nikayaona mafiga matatu, na moto ulikuwa unawaka.

Kulikuwa na samaki wawili kwenye vijiti, mmoja mkubwa wa mtoto kama Balbina, mmoja mdogo wa mtoto kama Teofili. Kando, juu ya jani la yungiyungi, kulikuwa na wa tatu aliyetolewa miiba yote na kupondwa laini kabisa, chakula cha mtoto asiye na meno. Habari za jino la Marselino, Fridolin, zilikuwa ndani ya barua yako, na barua yako ilikuwa chini ya mto wangu wa kulalia.

Sikumwona mtu. Nilisikia kuimba, mdomo umefungwa, karibu sana, kama mtu aliyeketi ng'ambo ya moto. Wimbo wenyewe ni mzuri. Ni wa kubembeleza mtoto. Nilianza Salamu Maria nikapotea katikati, mimi niliyeifundisha sala hiyo nusu ya Ifakara.

Bibi yangu mzaa baba alinifundisha kwamba mgeni akishapikiwa ameitwa, na njia ya kumwondolea mwito ni mtu wa damu yake kukila chakula kile chote. Darasani niliwaambia watoto hayo ni mambo ya kizamani. Nikaketi chini, nikala. Nikala wa Balbina, nikala wa Teofili, nikala na kile kilichopondwa cha Marselino, nikalamba jani. Hakikuwa na chumvi. Kilikuwa kitamu, siwezi kukudanganya.

Kisha nikasema kwa sauti yangu ya darasani, “Watoto hawaji. Nimekuja mimi.”

Kuimba kukakoma. Nikachota maji kwa kopo nililobeba, nikauzima moto mpaka mafiga yakapoa.

“Ulikuwa unaongea na nani kule?” Kelestini akaniuliza nilipopanda mtumbwi.

“Na darasa.”

Akanitazama mdomo, asitanie tena. Akanipa kitambaa chake nipanguse mafuta.

Samaki wako wewe hakuwapo. Nimelifikiria hilo sana kitandani hapa. Pengine wewe ulishakula.

Kwa hiyo nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu: Oktoba mpe Eufrasia ushindi. Wapeleke watoto Unguja. Bahari huwa tulivu kidogo kabla ya mvua za vuli, na meli haitawasumbua sana. Wape tangawizi watafune, na Balbina akae mahali penye upepo. Wanunulie kofia za ukindu. Waache waokote makombe mpaka mifuko itoboke. Msikae kwa shemeji yako mpaka achoke. Nimempa dereva wa lori kigunia cha mchele wetu mpya akifikishe kwenu, mwende nacho, msiingie nyumba ya watu mikono mitupu.

Ukiletewa simu ya maandishi kwamba nimekufa, usije haraka. Scolastica atanizika, tumeshaelewana. Subiri masika, mto ukishavifunika visiwa vyote, ndipo uje, uje peke yako, uniwekee msalaba. Na Kelestini akikutania kwamba yuko tayari kukuvusha, mwambie nimekataza.

Nasema hivi kwa sababu tangu siku ile chakula cha nyumbani hakina ladha mdomoni mwangu. Uji unanipita kama maji. Na kila mchana, jua likiwa kali, nasikia sufuria ya shaba ikipigwa upande wa mtoni. Msichana anayenipikia hasikii. Nilimtuma akafukue nyuma ya nyumba ya zamani ya mama yako. Alirudi akasema shimo analiona, sufuria haimo.

Siogopi kama unavyoweza kudhani. Kama yuko mtoto kule aliyekaa miaka yote hii bila mtu wa kwao, basi ni haki apate shangazi wa kumpangusa mdomo. Ninyi msiwe na haja ya kwenda.

Nisalimie Eufrasia, umwambie nimempigia kura. Nisalimie Teofili na Marselino. Scolastica anawasalimu, na Kelestini, na Padre, ambaye anauliza kama bado unakwenda misa. Balbina mpe busu langu kwenye paji la uso, na jioni akiuliza habari za moto, mwambie bibi yake wa Ifakara ameuzima.

Mungu awalinde mkilala na mkiamka, juu ya maji na nchi kavu, na Mama Maria awashike watoto mikono yote miwili.

Ni mimi shangazi yako, niliyekupenda tangu kabla hujazaliwa,

Apolonia