Mguu wa Nne wa Kitanda cha Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 8 Septemba

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Huku hatujambo. Mama yupo, ila miguu inamvimba jioni. Watoto wanakula kama kawaida yao. Mimi ni mzima wa mwili lakini roho imechafuka, na ukisoma hadi mwisho utaona kwamba nusu ya uchafu huo ni wako.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Nimepiga mpaka nimechoka.

Unakikumbuka kitanda ambacho marehemu Baba alikuwa akimtengenezea Mama. Alikereza miguu mitatu, akaugua. Tangu tumzike, huu mwaka wa sita, kona ya nne imekaa juu ya gogo. Mwezi wa tano gogo lilipasuka Mama akiwa ameketi anavaa viatu, akaanguka na kuteguka mkono. Niliapa mbele yake kwamba mguu wa nne utatoka kwenye mashine ile ile ya kukereza, inayozungusha mbao ikichongwa, iliyotoa mitatu, na utafanana na wenzake. Ahadi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mashine ilikuwa humu chumba cha nyuma, karakana yenu ya zamani, chini ya mabati yanayovuja, imejaa kutu. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Mimi fundi cherehani, miaka kumi na minane kazini, cherehani naifungua nimefumba macho, nikajiambia chuma ni chuma. Nilisugua kwa msasa mpaka kucha zikaisha. Wateja wakaanza kuuliza kwa nini magauni yao yananuka mafuta ya taa.

Niliikuta imeelekea ukutani, na nafasi ya mtu mmoja tu kati yake na dirisha. Nikasema wewe na Baba mliiweka ovyo. Nikaita majirani wanne tukaigeuza iangalie mlango. Mmoja wao mpaka leo akiniona anashika kiuno.

Halafu ikaja nati, ile kubwa inayobana sahani ya kushikia mbao. Wiki tatu, Baba Mdogo! Mafuta ya taa, moto, nyundo, spana niliyoirefusha kwa bomba. Mume wangu alining'inia kwenye hilo bomba kama nguo kwenye kamba. Nati haikutikisika, bomba ndilo lililopinda. Nilikaa sakafuni nikalia, na sioni haya kukuambia.

Mama alikuwa mlangoni anamenya viazi. Akaniuliza, "Mbona unazidi kuifunga?"

"Mama, nafungua."

"Baba yako alikuwa anafungulia upande ule mwingine. Si waliichongesha hiyo nati kinyume, yeye na shemeji yangu, kwa vile mashine yao inazunguka kinyume? Watu wa mkono wa kushoto wale."

Nikamuuliza kwa nini amenyamaza wiki zote tatu. Akasema, "Hukuniuliza. Nikajua fundi unajua." Akaendelea na viazi vyake.

Tukavuta upande wa pili, ikafunguka. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Sasa nikuambie hasira yangu iko wapi. Wewe ulijua. Mwezi wa sita nilikutumia picha ya ile nati, ukanijibu kwa alama ya dole gumba. Neno moja tu kutoka kwako lingeniokoa. Nimekukasirikia sana, na bado.

Mashine tumeirudisha ilivyokuwa, kwani hata kuelekea ukutani kulikuwa kwa ajili ya mkono wa kushoto; safari hii kwa majirani watatu, maana yule wa kiuno alikataa. Beringi mpya, mkanda mpya, mota inanguruma vizuri. Nikasimama pale dirishani, mahali ambapo sakafu imelika kwa miguu ya Baba, nikashika patasi. Mkono wangu wa kulia haujui pa kuanzia pale. Nimeharibu vipande vitatu vya mbao, na cha mwisho kiliruka kikavunja kioo.

Mbao ya rangi ya kile kitanda imebaki moja, ile aliyoiacha Baba na alama zake za penseli. Hiyo sithubutu kuigusa.

Fundi umeme wa jirani anasema abadilishe nyaya mbili, tuchongeshe nati nyingine, mashine izunguke kama za watu wote. Kazi ya asubuhi moja. Amekuja mara mbili na bisibisi yake, mara zote nimemrudisha. Nimemwambia aje mwezi wa kumi na mbili.

Baba Mdogo, hujatia mguu hapa tangu mazishi. Kila mwaka unasema mwaka ujao. Mama anasema unakiogopa chumba hiki. Na mimi nilikiogopa, ndiyo maana mabati yalivuja miaka sita bila mtu kuyaziba. Sasa nimeyaziba na kufagia. Mkono wa kushoto uliobaki katika ukoo wetu ni wako, na mbao nimeifunga kwa kitambaa nikaiweka juu ya mashine.

Nisalimie Mama Mdogo na wadogo zangu wote. Mama anakusalimu, anasema hana kinyongo nawe. Kinyongo ameniachia mimi. Mwenyezi Mungu akupe afya, na akulinde njiani. Nimeandika njiani makusudi.

Wako akupendaye hata akikasirika,
Binti wa kaka yako, yule uliyemwita Sindano