Dada Aliyeko Nje

Shoga, nimetoka altrasaundi sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi za hospitali.

Kile kivimbe cha shingoni, nilichokuambia kimeletwa na mafua? Si mafua. Kiko kwenye tezi.

Daktari alinipaka jeli ya baridi, akawa anapitisha kile kifaa shingoni. Akafika mahali akasimama. Akaendelea, akarudi palepale. Akaniuliza, "Umekuja na nani, mama?"

Nikasema dada yangu yuko nje. Dada gani, mimi niliyezaliwa peke yangu!

"Basi mwite aingie, tuongee pamoja."

Mwite aingie! Nikatoka na jeli yangu shingoni, nikasimama koridoni natazama watu na ndugu zao. Nikarudi. "Daktari, hakuna mtu."

Hakunicheka. Alivuta kiti akanionyesha kwenye skrini: kingo za kivimbe hazijanyooka, na picha peke yake haitoshi kujua ni nini. Alhamisi watachukua sampuli kwa sindano. Huenda si kitu kibaya. Huenda.

Kaniuliza tena, Alhamisi nitakuja na nani. Nimemtajia jina lako.

Najua sijakuuliza. Najua una kazi. Njoo tu, shoga.