Mpaka Mshumaa wa Nne

Jumapili, 2 Desemba 1956

Majilio yameanza. Shada nimelifunga mwenyewe jana, matawi ya msonobari, mishumaa minne. Nikiwaachia akina mama hufanana na kiota cha kunguru. Leo tumewasha mmoja. Mwinjilisti Jailos amehubiri saa nzima juu ya kungoja, na kweli tulingoja.

Atuganile alikuwepo — benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali pa waliotengwa. Hana mume, ana mtoto wa kiume wa miezi minne. Mtoto hana ubatizo wala jina, maana mama yake hajarudi kundini. Sasa anataka kurudi. Mchungaji ana mitaa kumi na mmoja, kwetu atafika Jumapili ya nne. Siku hiyo wanaotubu husimama mbele ya usharika na watoto wao hubatizwa palepale. Lakini mwanamke hufundishwa kwanza na kiongozi wa akina mama, na lazima amtaje aliyeanguka naye.

Kiongozi wa akina mama ni mimi. Aliyeanguka naye ni mwanangu Asukile.

Aliniambia mwezi wa nane, analia, mwalimu mzima wa shule huko Iringa. Nilimzaba kofi, nikamchemshia chai, nikamwambia asimwambie mtu mwingine. Januari anamwoa Tumpe, binti wa Mchungaji. Majilio haifungwi ndoa, la sivyo ningemaliza jambo hili wiki hii.

Jumatano, 5 Desemba

Somo la kwanza. Amekuja kwa miguu kutoka Ilomba, mvua yote imeishia mwilini mwake. Sikumpa kigoda mpaka nilipomaliza kukunja nguo.

Nikamweleza bila kuzunguka. Jina la Asukile likitoka, nitasimama niseme unamsingizia, na wazee wataniamini mimi. Akasema analijua hilo. Nikamwonyesha njia: amtaje Muharami, yule dereva wa lori aliyehamia Dodoma. Mwislamu, hayupo, wazee wetu hawana la kumfanya. Nani ataumia?

Akamtikisa mtoto.

— Mama, nitasimamaje mbele ya Mungu na uongo mdomoni?

— Basi endelea kukaa nyuma, nikamwambia. Mlangoni hewa ni nzuri.

Nilifurahi kwa jibu hilo mpaka jioni. Msichana asiyejua kusoma, anataka kunifundisha mimi mambo ya Mungu!

Jumapili, 9 Desemba

Mshumaa wa pili. Umepinda — wa duka la Zubery, sinunui tena kwake. Mtoto amelia ibada nzima. Niligeuka nikamtazama mama yake, nikageuka tena, mara ya tatu akatoka naye nje. Kulikuwa na mvua. Baada ya hapo niliimba vizuri sana.

Alhamisi, 13 Desemba

Barua ya Asukile. Kurasa mbili! Suti ipunguzwe kiunoni au la. Ng'ombe wa mahari wamefika au bado. Tumpe anapenda rangi gani. Kuhusu yule mwingine na mtoto, hata nusu mstari. Nilimshukuru Mungu kwamba nina mwana mwenye akili. Nikaisoma tena, nikakasirika, sijui kwa nini. Nimeitia kabatini.

Mchana somo la pili. Yale maneno ya toba nilimpa wiki iliyopita nikijua yatamshinda. Ameyajua yote. Jirani alimsomea, yeye akayashika akitwanga. Hakukosea hata neno moja, na mimi nilikuwa nimeshika kitabu! Basi nikamwongezea zaburi nzima. Akauliza kama kweli ni lazima. Nikasema mwaka huu ni lazima.

Mtoto anakohoa. Hospitali walimpa dawa ya chupa, imekwisha. Alipomgeuza nikaliona sikio la kushoto, limekunjwa juu. Sikio la Asukile. La marehemu mume wangu. Mtu yeyote wa kanisani atakayemtazama sawasawa ataliona. Nilivuta kanga nikalifunika.

— Ndaga, mama, akashukuru. Ana baridi kweli.

Alidhani nimemhurumia. Ananiudhi kuliko kama angenitukana. Namchukia msichana huyu, na hapa naandika wazi maana hapa hasomi mtu.

Jumapili, 16 Desemba

Mshumaa wa tatu. Baada ya ibada tulikaa na wazee. Jailos akaleta neno: mtoto wa Atuganile anakohoa vibaya, je, abatizwe kwa dharura? Utaratibu unaruhusu. Mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote aweza kummwagia maji, si lazima awe mchungaji. Ila aliyemwagia husimama mbele ya Mchungaji siku akija, aseme kwa kinywa chake jina la mtoto, la mama na la baba.

Nikasema nimemwona mtoto Alhamisi, ni mafua tu. Nikasema tukimlegezea mmoja, Majilio yajayo tutaagiza mabenchi mengine ya nyuma. Wazee wakacheka. Jailos hakucheka, lakini hakubisha. Nilimfundisha kusoma huyo, hajawahi kunibishia. Jumanne anakwenda mitaa ya milimani, atarudi Jumamosi jioni.

Atuganile hajui habari ya dharura. Hakuna sababu ya kumwambia.

Ijumaa, 21 Desemba

Amekuja bila kuitwa. Hakukaa.

— Nitamtaja Muharami, akasema.

Nimeshinda. Nikamwambia aseme tena, nisikie kama atakwama. Akasema tena. Mara ya tatu alisema bila kukwama, jina la Muharami, lori, mwezi na mahali. Kisha mimi — sijui ulimi wangu ulikuwa na nini — nikamwuliza kama sasa hamwogopi Mungu.

— Namwogopa, mama. Ila mtoto hapumui vizuri.

Nikampa kiporo cha viazi na maharage. Hakula, amekifunga kwenye jani. Nikasema keshokutwa si mbali, Mchungaji ataingia kesho saa kumi na basi kutoka Iringa, pamoja na Asukile. Sikukusudia kumtaja Asukile. Alitazama chini tu. Hakuuliza hata kama amenenepa au amekonda.

Nimefagia nyumba mara mbili. Sina raha, na sababu ya kukosa raha siioni.

Jumamosi, 22 Desemba, asubuhi

Yuko jikoni kwangu. Amefika saa mbili, anakimbia, miguu imejaa tope hadi magotini. Mtoto ana rangi ya jivu. Akikohoa hakuna sauti, ni kifua tu kinachopanda.

Kuna mama mmoja amemwambia habari ya dharura. Nitamjua ni nani! Jailos hajarudi, ndiyo maana amekuja kwangu. Kwa nini kwangu? Njiani amepita nyumba saba za Wakristo. Nimemwuliza.

— Wewe ndiye bibi yake, akasema.

Hivyo tu, bila hasira. Kisha akasema atamtaja Muharami, atamtaja yeyote nitakayemchagua, nimwagie maji tu. Nikamwambia hajaelewa. Nikimwagia mimi, kesho atakayesimama ni mimi. Atakayeulizwa jina la baba ni mimi. Nimeketi benchi la mbele miaka ishirini na mbili. Mchungaji ataniuliza, Tumpe amekaa pale, Asukile amekaa pale na suti yake. Nitasema Muharami? Kwa kinywa hiki?

— Ulisema hakuna atakayeumia, akasema.

Alikuwa ananikumbusha tu. Hakuwa ananisuta. Hajui kusuta.

Nikamwambia akae karibu na moto, nakwenda chumbani kutafuta kitabu cha ibada. Nimekipata zamani. Kiko hapa mezani, chini ya daftari hili, naandika juu yake. Maji yako kwenye mtungi, hatua tano kutoka alipokaa. Maneno yenyewe nayajua kwa moyo, hayafiki hata mstari mmoja. Ningekuwa nimemaliza kabla ya kuchonga penseli.

Anataka aitwe Yotamu. Hilo ni jina la marehemu mume wangu. Nani alimwambia? Asukile alimwambia — wakati ule, walipokuwa wanaongea habari za majina.

Basi la Mchungaji litafika saa kumi. Sasa ni saa tatu na robo. Jailos aweza kurudi mapema. Watu hurudi mapema wakati mwingine. Akimwagia Jailos, atakayesimama ni Jailos.

Anaita kutoka jikoni. Nimesema naja.

Anaita tena, sasa taratibu, asimshtue. Anasema kikohozi kimemwachia, amelala kabisa, hata kifua kimetulia. Anauliza nikija na maji tumwamshe, au tungoje.

Nimemjibu tungoje.