Saruji Juu ya Ukuta wa Udongo

Valea Rachitei, 20 Juni 2004

Mwanangu Ghenadie,

Salamu kutoka Moldova. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua kama kawaida. Wewe na mkeo Graziella hamjambo huko Torino? Mtoto ameota jino?

Nyumba yenu imesimama. Jumapili iliyopita majirani wote walikuja kukanyaga udongo wa kuta na mabua ya ngano. Farasi wa jirani yetu Tudor akatangulia, sisi tukafuata miguu mitupu. Mvinyo uliisha kabla ya udongo. Upande wa kaskazini sijaweka dirisha, ingawa ulilichora kwenye ramani yako. Upepo wa huko unaujua.

Mama yako, Agripina

Torino, 11 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na jino limeota, ananing'ata nalo. Graziella anasema atahamia huko iwapo tu mtoto hatalala na kofia kichwani kwa baridi. Nami nimechoka ugenini, Mama, nataka kurudi.

Barua hii ikifika utakuwa umesharudi kutoka kwa mama mkubwa, na zawadi yangu umeiona. Mafundi wameshapiga saruji kuta zote kwa nje, nyumba ing'ae kama za huku.

Mwanao, Ghenadie

Valea Rachitei, 3 Oktoba

Ghenadie,

Salamu. Afya ninayo, na nimeihitaji. Nilinyamaza kwa sababu nilishika patasi. Miaka kumi na miwili unajenga nyumba za watu, hujui ukuta wa udongo unapumua? Umeuvalisha koti la mpira. Agosti nzima ukuta ulitoka jasho kwa ndani, na ukiwa mbichi haushiki joto.

Saruji tumeibandua yote, tukapaka udongo na samadi ya farasi. Majirani wamekusema sana, nami nimewasaidia. Ukuta usipokauka kabla ya barafu, mwaka huu msije.

Mama yako

Torino, 20 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, nimeona haya. Graziella amenicheka mpaka machozi. Ila kila siku anauliza: umekauka?

Ghenadie

Valea Rachitei, 17 Januari 2005

Wanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo. Umekauka. Nimehamia humo wiki mbili, niwapimie joto. Ndoo ya kisimani imeganda, lakini ndani nawasha jiko mara moja tu jioni, kwa mabua ya mahindi, na ukuta unabaki na joto hadi asubuhi. Leo nimeamka bila soksi nikakuta unga wa mkate niliokanda umeumuka hadi umemwagika.

Mama yenu

Torino, 2 Februari

Mama,

Shikamoo. Wote wazima. Nilimsomea Graziella barua yako. Hapo hapo akavaa koti akatoka. Nikajua nimeharibu tena.

Amerudi sasa hivi na tiketi za basi, za tarehe ishirini. Za kwenda tu.

Mwanao