Kile Kiti Chenye Mashine

Shoga, nimetoka kupimwa mkojo unavyotoka.

Kuna kiti kama choo, chini yake mashine inachora mstari. Nesi kasema nikae, nikojoe kama nyumbani. Mimi nikachuchumaa juu juu bila kugusa. Si unajua vyoo vya kazini kwetu vilivyotuzoesha!

Mstari ukatoka kama meno ya msumeno. "Dada, ulikuwa unasukuma?"

Kwani kuna wasiosukuma?

Akanipitishia kipimo cha ultrasound tumboni. "Umemaliza?"

Nimemaliza!

"Hujamaliza. Mkojo umebaki nusu."

Nusu, shoga! NUSU!

Nimeambiwa ninywe maji, nirudie nikiwa nimekaa. Huyo nesi ananiita tena. Hebu niambie ukweli kabla sijaingia: wewe huwa unamaliza?