Msumeno Usio na Breki na Shemeji Niliyemfukuza

Bi. Stumai, shikamoo. Nakuomba unishauri kabla sijafanya jambo ambalo mke wangu anasema nitalijutia.

Mimi ni mpasua mbao, naishi karibu na Mpui, na kazi hii nimeifanya tangu ujana pamoja na Meshack, kaka yake mke wangu Lydia, tukitumia ule msumeno mrefu wa watu wawili, gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake na mwingine anaingia chini, mimi nilikuwa wa juu kwa sababu jicho langu linafuata mstari vizuri na Meshack alikuwa wa chini, vumbi lote la mbao linamwangukia yeye, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia akilalamika.

Mwaka huu katekista wa kigango chetu alituomba mbao za paa la kanisa kwa sababu za zamani zimeliwa na mchwa, na mimi nina mikaratusi mikubwa aliyoipanda marehemu baba, kibali cha kuikata nikapata, lakini nikaona kwa kazi ya shimo mvua zitatukuta paa liko wazi. Ndipo nikasikia kuna mzee njia ya Kasesya anauza msumeno wa mashine wa zamani, tukaenda wote wawili, tukaukuta stoo chini ya magunia, mkubwa, mzito, chuma kitupu, mzee akasema aliununua mimi sijazaliwa. Meshack akavuta kamba, haukuwaka, akavuta tena huku ameinamisha sikio, akasema, "Shemeji, pistoni bado ina nguvu. Huu haujafa, umelala tu." Nikaununua kwa neno lake hilo.

Bi. Stumai, ile mashine tuliifufua sisi wawili. Tulisafisha kabureta, tukabadili mpira wa mafuta uliokuwa umekauka na kupasuka, tukaweka plagi mpya na kamba mpya, fundi wa kuchomelea wa mjini Sumbawanga akatutengenezea fremu ya chuma inayoubana ule upanga wa msumeno, lile bapa linalozungukwa na mnyororo, shinani na nchani ili utembee juu ya gogo na kutoa mbao za unene mmoja, na siku ilipowaka Meshack alicheka mpaka akakaa chini. Mbao za kwanza zilitoka nyoofu hata katekista alizipapasa kama anayepapasa kitambaa dukani.

Kasoro yake ni moja, haina ile breki ya kusimamisha mnyororo msumeno unaporuka. Siku moja niliutoa kwenye fremu ili nikate matawi ya mti tuliouangusha, ncha ikagusa tawi nisiloliona, msumeno ukaruka kunirudia, ukachana suruali na kunikata paja. Meshack aliruka juu ya matawi, akauzima, akavua shati lake akanifunga nalo, akasema, "Shemeji, tusiuwashe tena mpaka tumwone fundi. Huu utakuua mbele ya macho yangu."

Badala ya kumshukuru nikapandwa na hasira, sijui ilikuwa hofu, sijui aibu, nikamwambia, "Unaogopa mashine itakunyang'anya kazi. Umekula vumbi chini yangu miaka yote, leo unataka kunifundisha? Rudi shimoni kwako." Alivaa koti juu ya kifua kitupu, maana shati lilikuwa pajani kwangu, na baridi ya huku kwetu unaijua, akaondoka.

Jeraha limepona na sasa napasua peke yangu. Kazi inakwenda polepole, ubao unabana mnyororo na hakuna wa kupiga kabari nyuma, nazima, napiga mwenyewe, nawasha tena. Lydia haongei nami zaidi ya kusema chakula kipo. Kanisani Meshack anakaa benchi la nyuma na misa ikiisha simwoni tena. Nimewaza niuze mashine nirudi shimoni, lakini nitarudi na nani? Nimewaza pia nimalize paa peke yangu kwanza, halafu ndiyo nimwendee shemeji nikiwa na kitu cha kuonyesha, lakini Lydia anasema, "Ukifa kabla, radhi utaiombea wapi?" Niuze, niendelee, au nifanyeje?

Modesti, Mpui

Bi. Stumai anajibu

Marahaba, Modesti. Pole kwa paja. Kwa hayo mengine sikupi pole, uliyataka mwenyewe.

Tuanze na mashine, maana hiyo ni rahisi. Mimi misumeno siijui, kwa hiyo nilimsomea barua yako fundi mmoja hapa mjini anayetengeneza mashine hizi, bila kukutaja jina. Nilipofika mahali pa kukata matawi aliweka spana chini. Anasema ukiwa ndani ya fremu, ncha imebanwa haina pa kugusa, msumeno wako wa zamani unaweza kufanya kazi vizuri na kwa miaka mingi, mradi anayeutumia amevaa viatu vigumu, miwani, na kitu cha kuziba masikio. Nje ya fremu usiushike kabisa. Mti uangushe kwa shoka na ule msumeno wenu wa watu wawili, na matawi vilevile. Anasema pia meno ya kupasua gogo kwa urefu hayanolewi kama ya kulikata kwa upana, na kama hukulijua hilo umekuwa ukiitesa mashine bure. Upeleke akuonyeshe.

Kwa hiyo usiuze. Ila umesikia? Shoka, msumeno wa watu wawili, kabari. Kazi yako yote inamtaka mtu wa pili, na wewe umemfukuza.

Sasa sikiliza jambo ambalo hulijui. Nilipiga namba uliyoiacha ili nikuulize maswali, ukawa shambani kwenye magogo, akapokea mkeo. Nilimuuliza kama kaka yake amekukasirikia sana.

"Bibi," akasema, "kaka yangu anakuja kila asubuhi. Anakaa ng'ambo ya kijito, nyuma ya matete, na jembe lake."

"Analima nini huko?"

"Hakuna cha kulima. Ulezi tulishavuna. Anasikiliza mashine. Ikinguruma anakaa. Ikizimwa anasimama, anasikiliza, mpaka asikie nyundo ya Modesti inagonga kabari. Akiisikia anakaa tena. Jioni anarudi kwake."

Nikamuuliza kwa nini hajakuambia. Akasema kaka yake alimwapisha asiseme, na kwamba na yeye alitaka kuona utachukua muda gani kumkumbuka mwenyewe. Kwa kukuandikia haya nimemvunjia siri, na nimemwomba radhi kwa hilo. Afadhali siri ivunjike kuliko mguu wako.

Wewe, Modesti, ulimwambia mtu huyo anaogopa kazi yake kuchukuliwa. Alikuwa anaogopa kukubeba maiti. Mtu aliyeisikia pistoni nzima kwenye chuma kilicholala chini ya magunia, ukamwambia hana la kukufundisha! Aibu ilikuwa yako, ukamtwika yeye, na ukamchagulia lile neno la vumbi kwa sababu ulijua ndilo litakalouma. Usimwendee na habari za hasira kupanda, wala shetani kukupitia. Mwambie maneno yale yalikuwa ya uongo, uliyajua ni ya uongo ulipoyasema, na unaomba radhi. Halafu nyamaza. Akitaka kukusema, akuseme. Na usisubiri paa liishe. Radhi inayokuja na mbao za kuonyesha ni majivuno.

Mkiongea, mgawane kazi upya. Kwenye mashine hakuna wa juu wala wa chini, kwa hiyo mshike kwa zamu, yeye leo, wewe kesho, na neno la kuzima akilisema mmoja wenu mwingine azime kwanza, aulize baadaye. Asipokuwepo mmoja, mashine hailii siku hiyo. Mwambie na katekista paa litachelewa kidogo, hata yeye hapendi kuzika mtu chini ya paa jipya.

Haya yote nilikutumia kwa simu kabla ya gazeti kwenda mtamboni, maana sikutaka usubiri siku ya gazeti huku unashika kile chuma peke yako. Jana Lydia amenipigia. Anasema asubuhi hukuwasha. Ulikaa juu ya gogo muda mrefu, ukaacha kila kitu, ukavua viatu ukavuka kijito, yeye akikutazama toka mlangoni.

"Akamwambia nini?" nikamuuliza.

"Maneno ya Modesti sikuyasikia, Bibi. Nilimwona tu ameinamisha kichwa. Lakini kaka sauti yake ni kubwa, hiyo niliisikia. Alisema, 'Leo mbona hukuwasha? Nilikuwa nakuja kukuangalia, nilidhani unaumwa.'"

Basi. Jumatatu fundi anawasubiri wote wawili. Na shati la watu, Modesti, ulifue ulirudishe.